Kuingia kwa Intaneti nchini Zambia: Kutoka Barua za Fido hadi Toleo la 401

Katika ukanda wa shaba, njia za mawasiliano zimekuwa tangu zamani watoto wa madini. Reli iliyotoka kusini ilifika Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe, mwaka 1906. Ikavuka mpaka na kuingia Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Iliitwa na shaba, na posta na simu zikaja nyuma yake. Intaneti haikufuata desturi hiyo. Ilipoingia Zambia, nchi ambayo miji yake ya Ndola na Kitwe iko karibu zaidi na Lubumbashi kuliko ilivyo Kinshasa, haikuletwa na kampuni ya migodi, wala na serikali, wala na shirika la simu. Ililetwa na chuo kikuu, tena chuo kikuu kisichokuwa na fedha za kulipia majarida ya maktaba yake.

Jambo hilo linastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Mosi, Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara, ukiiacha Afrika Kusini, kuunganishwa kikamilifu na intaneti, mwezi wa Novemba 1994. Na haikuwa nchi tajiri, wala haikuwa na pwani ambako nyaya za chini ya bahari zingeweza kutua. Pili, muda usiozidi miezi kumi na mitano baada ya hapo, mtandao huohuo uligeuka kuwa uwanja wa ugomvi baina ya dola na gazeti, na chuo kikuu kikajikuta kimesimama katikati.

Chuo kilichojengwa kwa michango

Chuo Kikuu cha Zambia kilifungua milango yake mjini Lusaka mwaka 1966, miaka miwili baada ya uhuru. Raia wenyewe walichangia ujenzi wake: mwenye fedha alitoa fedha, na asiyekuwa nazo alitoa mahindi, mayai au kuku. Kumbukumbu ya michango hiyo ilibaki hai kwa muda mrefu, na inasaidia kueleza kwa nini wanafunzi wa Lusaka walijiona, kwa haki au kwa majivuno ya ujana, kuwa wadeni wa umma kuliko wa serikali.

Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, nguzo kuu ya uchumi wa nchi iliyumba. Kwa muda wa miaka kumi na mitano iliyofuata, fedha za kigeni zilikuwa haba kiasi kwamba kuanzia Oktoba 1985 hadi Mei 1987 serikali iliziuza kwa mnada. Kila dola iliyotoka katika mnada ilikuwa na wagombea wengi: dawa, vipuri vya migodi, mafuta ya magari, mbolea. Majarida ya kitaalamu yalikuwa mwishoni mwa foleni. Mhadhiri wa tiba au wa uhandisi aliyehitaji makala iliyochapishwa London alilazimika kumwandikia mwenzake barua na kungoja majuma, na pengine miezi. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, na nukushi pia, kwa kuwa nukushi nayo ni simu.

Desemba 1986 kupanda kwa bei ya unga wa mahindi kulisababisha ghasia katika miji ya shaba, na watu wakauawa. Juni 1990 bei ilipandishwa tena. Safari hii wanafunzi wa Chuo Kikuu walikuwa mstari wa mbele kuandamana, ghasia zikaenea Lusaka, na siku chache baadaye mwanajeshi mmoja akatangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa, tangazo lililozimwa baada ya saa chache. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kukumbushwa kilichotokea katika bweni za wanafunzi wa mji wake usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei mwaka huohuo. Vyuo vikuu viwili vya ukanda mmoja, katika muda wa majuma machache, vililipia hasira ya tawala zilizokuwa zikielekea ukingoni. Zambia ilipata njia ya kutokea: uchaguzi wa vyama vingi wa tarehe 31 Oktoba 1991, ambao Kenneth Kaunda alishindwa na Frederick Chiluba, akakabidhi madaraka. Ni katika kipindi hichohicho cha misukosuko ambapo, katika kituo cha kompyuta cha chuo kile, barua za kwanza za kielektroniki zilianza kupita.

Barua zilizosafiri kwa simu

Mfumo uliotumika mwanzoni haukuwa intaneti. Uliitwa Fido. Mwanzilishi wake, Tom Jennings, aliuanzisha mwaka 1984 huko San Francisco kwa ajili ya watu binafsi waliokuwa na kompyuta ndogo na simu ya nyumbani, na hakuna dalili kwamba alikuwa na Afrika akilini. Lakini kile kilichoonekana kuwa udhaifu wa Fido katika nchi tajiri ndicho kilichoifanya ifae katika nchi maskini.

Intaneti yenyewe inadai mstari uliofunguka saa zote, na mstari wa namna hiyo hulipiwa hata kama hakuna anayeandika. Fido haikudai hivyo. Mwandishi aliandika barua yake kwenye kompyuta yake bila ya kuunganishwa na yeyote. Barua ilihifadhiwa. Ilipofika saa iliyopangwa, kompyuta ilipiga simu yenyewe kwa kutumia modemu, yaani kile chombo kinachogeuza tarakimu kuwa milio inayoweza kupita katika waya wa simu; barua zote zikabanwa pamoja kuwa furushi moja, zikapelekwa, zilizongojea upande wa pili zikapokelewa, na simu ikakatwa. Shughuli nzima iliweza kuchukua dakika chache. Aidha, programu ya Fido ilikuwa na subira: simu ikikatika katikati, jambo ambalo lilikuwa la kawaida, ilipiga tena na kuendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Katika mji ambapo mvua za Novemba hadi Aprili zilileta radi kwenye nyaya na kuunguza modemu, subira hiyo ilikuwa na thamani kuliko kasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada kiligharamia mradi uliojulikana kwa jina la ESANET, ambao ulikusudia kuunganisha vyuo vikuu vya mashariki na kusini mwa Afrika kwa njia hiyo ya Fido: Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zimbabwe na Zambia. Huko Lusaka kazi iliangukia kituo cha kompyuta, ambacho mkurugenzi wake alikuwa Mark Bennett. Kompyuta moja ya mezani na modemu ilitosha kuwa kituo cha posta cha chuo kizima. Idara zilizokuwa na mashine zao ziliunganishwa kwa simu za ndani. Nyingine ziliwatuma watu na diski mkononi.

Tatizo lilikuwa mlango wa kutokea. Barua za Lusaka zilihitaji mahali pa kuingilia katika mitandao mikubwa ya Ulaya na Marekani. London palikuwa na mlango mmoja, uliosimamiwa na shirika la GreenNet, ambako Karen Banks alihudumia vituo vingi vya Afrika. Lakini mlango uliofaa zaidi kwa Lusaka ulipatikana upande ambao miaka michache tu nyuma haungeweza kutajwa: Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Rhodes, kilichoko Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda, kilikuwa na wataalamu waliokwisha kuunganisha Fido na mitandao ya vyuo. Mwasiliani wao wa ng'ambo alikuwa Randy Bush, ambaye kompyuta yake ilikuwa nyumbani kwake mjini Portland, katika jimbo la Oregon. Na ilikuwa kwa kupitia nyumba hiyo ambapo Novemba 1991 Afrika Kusini ilipata mstari wake wa kwanza wa intaneti. Kuanzia mwaka 1991 Lusaka na Grahamstown zilipigiana simu. Barua ya profesa wa Lusaka kwenda kwa mwenzake wa Nairobi iliweza basi kuteremka hadi Rhodes, kuvuka bahari hadi Oregon, na kurudi Afrika kwa njia nyingine. Ilikuwa safari ya ajabu, lakini ilimalizika kwa siku moja au mbili, ilhali barua ya karatasi ilihitaji majuma.

Hapana budi kusimama kidogo juu ya jambo hili la Afrika Kusini. Lusaka ilikuwa makao makuu ya ANC katika miaka yote ya mwisho ya uhamisho wake, na mji huo ulishambuliwa na majeshi ya makaburu. Baina ya mwaka 1988 na 1990, katika operesheni iliyoitwa Vula, viongozi wa ANC waliokuwa Lusaka waliwasiliana na wenzao waliojipenyeza ndani ya Afrika Kusini, akina Mac Maharaj, kwa ujumbe wa siri uliofichwa kwa tarakimu, ukageuzwa kuwa milio na kupitishwa kwa simu. Mpango huo ulibuniwa London na Tim Jenkin, na London ndiyo iliyokuwa daraja baina ya pande mbili. Kwa hiyo kompyuta zilikuwa zikizungumza kwa simu mjini Lusaka hata kabla ya chuo kikuu kuanza, ila mazungumzo hayo hayakupaswa kusikiwa na mtu. Mwaka mmoja tu baada ya Vula, modemu ya chuo ikawa inapiga simu Grahamstown hadharani, kwa ajili ya makala za tiba na taarifa za mikutano. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kufunguka kwa siasa kulivyoitangulia teknolojia.

Madaktari na setilaiti iliyopita juu

Watumiaji waliokuwa na haraka kuliko wote walikuwa madaktari. Zambia ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa imekabiliwa na ukimwi, kipindupindu na malaria sugu kwa wakati mmoja, na hospitali za wilaya zilikuwa mbali, mara nyingine bila ya simu. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa Marekani na daktari wa moyo Bernard Lown, lilikuwa na wazo la kutumia setilaiti ndogo kuwapelekea madaktari wa nchi maskini habari za kitaalamu. Huduma hiyo iliitwa HealthNet, na Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi zake za mwanzo.

Setilaiti hiyo haikufanana na zile kubwa zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani. Ilizunguka dunia kwa chini, kutoka ncha moja hadi nyingine, na kupita juu ya Lusaka mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika chache tu. Ilipopita ilipokea barua, ikazibeba, na kuziteremsha ilipofika juu ya kituo kingine. Kwa maneno mengine, ilikuwa tarishi. Ya kwanza ilikuwa imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Ya pili, HealthSat-2, ilirushwa Septemba 1993. Baada ya muda ilidhihirika kwamba, palipokuwa na simu inayofanya kazi, simu na Fido zilikuwa rahisi kuendesha kuliko setilaiti, na barua nyingi za madaktari zikapita huko. Hata hivyo wazo la setilaiti lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake: liliwashawishi wafadhili kwamba daktari wa wilaya ni mtu anayefaa kupewa kompyuta.

Suala la lugha nalo lisipitwe. Mitandao ya wakati ule ilipitisha kwa usalama alama 128 tu, zilizopangwa kwa ajili ya Kiingereza. Herufi za Kifaransa zenye alama juu zilifika zikiwa zimeharibika, na waandishi wa Kifaransa wa Afrika walijifunza kuandika bila ya alama hizo, wakionekana kama watu wasiojua tahajia. Kiswahili hakikupata taabu hiyo. Herufi zake zote zimo katika alama 128. Hata ng' ya ng'ombe ilipita salama, maana kibainishi chake kimo pia. Vivyo hivyo Kibemba na Kinyanja kama vinavyoandikwa kwa kawaida. Lakini herufi kupita ni jambo moja na lugha kutumika ni jambo jingine: kwa wanachuo wa Zambia lugha ya maandishi ilikuwa Kiingereza, na hivyo ndivyo barua zilivyoandikwa. Kiswahili kwa upande wake kilijipatia jina la kitu hicho, barua pepe, jina linalokumbusha upepo na kupepea, na ambalo linaeleza wepesi wa barua bila ya kutaja umeme hata kidogo.

Kampuni ya chuo

Kufikia mwaka 1993 barua zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa simu. Mashirika ya misaada, balozi na wafanyabiashara walikuwa wakibisha hodi chuoni wakiomba kuunganishwa. Chuo kilikuwa na njia mbili. Kingeweza kujifungia na kuwahudumia wanachuo tu, kwa fedha za wafadhili ambazo siku moja zingekwisha. Au kingeweza kuuza huduma mjini na kulipia ya chuo kwa faida itakayopatikana. Kilichagua njia ya pili. Mwanzoni mwa mwaka 1994 iliundwa kampuni yenye dhima ya kikomo, ZAMNET, mali ya Chuo Kikuu cha Zambia, ikiwa na bodi yake na hesabu zake. Benki ya Dunia ilitoa msaada wa kuanzia, ukakodiwa mstari wa kudumu hadi Cape Town, na mwaka huohuo jina la nchi katika mtandao, .zm, likaanza kutumika, chini ya usimamizi wa kampuni hiyo.

Uamuzi huo ulilaumiwa na wengine, kwa hoja kwamba chuo si duka. Lawama hiyo haina uzito mkubwa. Shirika la simu la taifa lilikuwa linashughulika na mageuzi yake lenyewe, kwani sheria ya mwaka 1994 ililitenganisha na posta na kuunda mamlaka ya kusimamia mawasiliano. Halikuwa tayari kuanzisha intaneti, wala halikuizuia. Nafasi ilikuwa wazi na chuo ndicho kilichokuwa na watu wenye ujuzi. Hoja nzito zaidi ni nyingine: ni nani aliyefikiwa? Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 9, na laini za simu zilikuwa chini ya 1 kwa kila watu 100, nyingi zikiwa katika miji iliyo kando ya reli. Mteja wa Kitwe au wa Livingstone alilipa, juu ya ada ya ZAMNET, gharama ya simu ya masafa marefu hadi Lusaka kwa kila dakika aliyokuwa mtandaoni. Kwa mwalimu wa shule, kompyuta ilikuwa sawa na mishahara ya miaka. Intaneti ya Zambia ya mwaka 1995 ilikuwa mali ya ofisi, na hasa ya ofisi zilizokuwa na mfadhili.

Hata hivyo ulinganisho na Zaire unaonyesha ubora wa njia hiyo. Huko tangu katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Telecel iliwauzia wenye dola simu za mkononi, huku nyaya za shirika la taifa zikioza ardhini; na mfumuko wa bei wa mwaka 1993 na 1994 ulipomeza fedha za nchi, vyuo vikuu viliachwa vijitafutie riziki. Teknolojia haikukosekana Kinshasa. Kilichokosekana ni taasisi ya umma iliyokuwa bado na nguvu ya kuipokea. Jina .zr halikupata hata nafasi ya kuzoeleka: mwaka 1997 nchi ilibadili jina, na .cd ikachukua mahali pake.

Toleo la 401

Gazeti la The Post lilianzishwa Lusaka mwaka 1991, katika vuguvugu la vyama vingi, na mhariri wake alikuwa Fred M'membe. Liliipigania demokrasia, kisha likawageukia wale walioingia madarakani kwa jina la demokrasia hiyo. Wakati ule magazeti ya Afrika yaliyosomeka kwa kompyuta yalikuwa ya kuhesabika, na The Post lilikuwa mojawapo, kwa msaada wa ZAMNET. Faida ilikuwa dhahiri. Gazeti la karatasi lililochapishwa Lusaka lilichelewa kufika mikoani na halikufika ng'ambo kabisa. Kurasa za mtandao zilisomwa siku ileile na Wazambia walioko masomoni Uingereza na Marekani.

Tarehe 5 Februari 1996 gazeti lilitoa toleo lake la 401. Habari yake kuu ilikuwa kwamba serikali ilikuwa inapanga kuitisha kwa kushtukiza kura ya maoni juu ya katiba mpya. Katiba ndiyo iliyokuwa suala kuu la mwaka huo, kwa kuwa rasimu iliyokuwa ikibishaniwa ilitaka wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia kwa kuzaliwa, sharti lililomlenga Kaunda, ambaye wazazi wake walitoka Malawi na ambaye alikuwa anataka kurudi ulingoni. Rais Chiluba alilipiga marufuku toleo hilo kwa kutumia kifungu cha 53 cha sheria ya jinai, kifungu kilichorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ambacho kinamruhusu rais kutangaza chapisho lolote kuwa haramu. Kumiliki nakala yake kukawa kosa. M'membe na wenzake, Bright Mwape na Masautso Phiri, walikamatwa.

Polisi walijua jinsi ya kuzishika nakala za karatasi. Lakini toleo la 401 lilikuwa bado linasomeka katika kurasa za gazeti mtandaoni. Hapo dola ikakutana na kitu kipya. Nakala ya karatasi ina mwenyewe, na mwenyewe hushikwa nayo. Nakala ya mtandaoni ilikuwa katika kompyuta ya ZAMNET, ambayo haikuandika neno lolote la toleo lile, na wasomaji wake wengi walikuwa nje ya nchi, mbali na mkono wa polisi wa Lusaka. Mtu pekee aliyeweza kufikiwa alikuwa mtunza mashine. Kampuni iliambiwa kwamba itawajibika kwa jinai endapo toleo hilo litaendelea kuwapo. Baada ya siku chache toleo liliondolewa.

Tukio hilo limetajwa mara nyingi kuwa la kwanza la namna yake barani Afrika. Uzito wake uko mahali pengine. Kisheria, suala lilikuwa kama mtoa huduma ya mtandao ni kama mchapishaji, ambaye anawajibika kwa alichokichapa, au ni kama posta, ambayo haifungui barua. Sheria ya Zambia haikuwa na jibu, kwa sababu waliotunga kifungu cha 53 walikuwa na karatasi akilini. Serikali ilijibu kwa vitisho, na ZAMNET haikuwa katika hali ya kulipeleka suala hilo mahakamani. Ilikuwa mali ya chuo kilichoishi kwa ruzuku ya serikali. Mashine zake zilikuwa chuoni. Na watu waliozitegemea kila siku, pamoja na madaktari, wasingekuwa na njia nyingine endapo zingekamatwa. Mtu anaweza kuilaumu kwa kusalimu amri. Ni haki pia kuuliza kama mtoa huduma pekee nchini alikuwa na nafasi ya kuwa shujaa. Ule upweke, uliokuwa fahari ya chuo mwaka 1994, ndio uliokuwa udhaifu wake mwaka 1996: palipo na mlango mmoja, anatosha askari mmoja kuulinda.

Mwezi huohuo Bunge liliwahukumu M'membe na Mwape, pamoja na mwandishi Lucy Sichone, kifungo kisicho na kikomo kwa kulidharau, kwa sababu ya makala nyingine. Wanaume wawili waliingia gerezani mwezi wa Machi, na Mahakama Kuu ikawaachilia kabla mwezi haujaisha. Katiba ilipitishwa Mei 1996 bila ya kura ya maoni yoyote, na Kaunda hakuweza kugombea. Gazeti liliendelea kutoka, kwa karatasi na mtandaoni.

Baada ya mlango mmoja

Upweke wa ZAMNET haukudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la simu la taifa, Zamtel, lilianza kutoa huduma yake ya intaneti, na kampuni ya Coppernet ikajitokeza upande wa migodini, hata mteja wa Kitwe akaacha kulipia simu ya Lusaka. Kisha zikaja kampuni za simu za mkononi, ambazo zilifanya kwa miaka michache kile ambacho nyaya hazikukifanya kwa karne. Nyuzi za kioo zilizopachikwa juu ya nguzo za umeme wa msongo mkubwa zikaiunganisha nchi na nyaya za bahari zilizotua katika pwani ya mashariki kuanzia mwaka 2009. Kwa hiyo intaneti mwishowe ilishika njia ya shaba, maana nguzo hizo zilijengwa kwa ajili ya migodi na nyingine zinavuka mpaka kuelekea Katanga. Ila ilizikuta njia hizo baada ya kuwa imekwisha kuingia kwa mlango wa chuo.

Suala la mtunza mashine lilirudi kwa sura nyingine. Mwaka 2013 kurasa za Zambian Watchdog zilizibwa zisisomeke ndani ya nchi. Mwaka 2016 The Post lilifungwa katika ugomvi wa kodi na serikali. Na tarehe 12 Agosti 2021, siku ya uchaguzi mkuu, watu wa Lusaka waligundua kwamba WhatsApp haifanyi kazi. Safari hii shirika moja la kiraia lilikwenda mahakamani, na siku iliyofuata Mahakama Kuu ikaamuru mawasiliano yafunguliwe. Katika karatasi za kupigia kura za siku hiyo, miongoni mwa majina ya wagombea urais, lilikuwamo jina la Fred M'membe.